Ploti Yenye Maua ya Kahawa

Jumamosi jioni, Mwihoko. Baridi ya kijinga, ile ya kuvaa soksi mbili na bado ulalamike.

Leo chama chetu cha akiba kilienda kuona ploti upande wa Thika. Wauzaji walitupa soda na mkate, kama kawaida yao, tupige picha kando ya bikoni, yale mawe ya mpaka, tukicheka na turudi tukiwa tayari kulipa. Shamba lenyewe ni la kahawa. Limekatwa vipande, lakini miti haijang'olewa, na kwa mvua za wiki iliyopita yote ilikuwa imechanua.

Ile harufu, jamani.

Nikiwa mdogo mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya huko. Shule zikifungwa alinibeba, nikashinda nikicheza katikati ya kahawa. Miaka yote hii nimetamani kurudi pale, na leo nilisimama nikipumua tu, machozi karibu.

Siku hizi mimi ni mtu wa kufikiria kabla ya kununua. Nguo, simu, hata sabuni: najiuliza kama naihitaji, na nani anaumia ili niipate. Marafiki hunicheka, lakini nilichobana ndicho kimenifikisha kwenye ploti. Sasa nikamuuliza muuzaji kama naweza kubakiza miti iliyo kwenye kipande changu. Akasema tingatinga linakuja, ploti hukabidhiwa ikiwa safi.

Safi!

Mama Njeri, mwenyekiti wetu, akaniona nimenuna. "Wairimu, kwani tumekuja kununua shamba ama maua?" Wote wakacheka. Nami nilicheka, huku roho ikiuma. Nikawaambia najitoa, heri pesa zangu niziweke kwenye bondi za serikali.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama, nikidhani atanisifu. Bado anapanga chumba kule mabandani Kiandutu, anabeba maji kwa mtungi, na magoti yamekwisha. Ploti hii ilikuwa ya kumjengea.

Nikamweleza yote, maua na kujitoa kwangu. "Hiyo kahawa unalilia ndiyo ilinivunja mgongo, maitũ," akasema. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Mimi hayo maua sikuyaona. Nilikuwa naangalia debe lijae. Wewe nunua."

Nimekaa na simu mkononi tangu hapo. Kwa kila kitu nimekuwa nikiuliza nani ataumia nikinunua. Sikuwahi kuuliza nani ataumia nisiponunua.

Bado nalitamani lile shamba. Nalitamani vibaya sana, na miti ikishang'olewa sijui nitaenda wapi kunusa utoto wangu.

Lakini kesho baada ya kanisa nitamtafuta Mama Njeri aniweke tena kwenye orodha ya wanunuzi. Nyumba ikisimama, cha kupandwa mlangoni atachagua mama mwenyewe.

Najua hatachagua kahawa.