Bado Kidogo, Bwana

Jumatano. Baridi kali asubuhi, upepo wa vumbi mchana kutwa, na moyo wangu haujatulia tangu saa nne.

Leo nimeitwa fundi mbele ya Mzungu. Siku hii nimeisubiri miaka, nayo imekuja vibaya.

Niandike taratibu, maana kichwa kinakwenda mbio. Mashine ya kusaga ninakofanya kazi, hapa mjini, ni ya Bwana Karim. Anayeiweka hai ni Fundi Mohan, aliyeletwa kutoka Uhindi kwa kibali cha kazi, na kibali chenyewe kinakwisha mwaka huu. Mimi ni msaidizi wake. Nilianza kwa kubeba magunia, kisha akanipa spana nimshikie, kisha siku moja akaniachia injini nzima niifungue, yeye akaenda zake kunywa chai. Nilidhani ananitega. Kumbe ndivyo anavyofundisha.

Sasa serikali ya hapa imesema Wahindi wametosha. Fundi wa kutoka nje hapewi kibali kipya ikiwa yupo mtu wa nchi hii anayeiweza kazi yake. Serikali ya Uhindi nayo imekasirika, inasema watu wake wanafukuzwa kama kuku walioingia shambani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi za mwaka huu ni wanawake wa kijiji cha Haneti. Fundi wao, naye Mhindi, aliondoka kabla ya mavuno, mashine ikakwama kwa pampu ya mafuta, na mpaka leo haijakohoa hata mara moja, maana kibali cha Mohan hakimruhusu kufanya kazi nje ya mashine yetu. Wenye punda wanaleta mtama wao huku kwetu. Wengine wamerudi kwenye jiwe, wanapiga magoti alfajiri na kusaga kwa mikono kama bibi zao. Dada wa mke wangu Damari anaishi kule. Alikuja juzi mabega yamemvimba, hawezi hata kujifunga kanga vizuri. Na hapa mjini unga umepanda bei, kwa kuwa mashine ni ileile moja na wanaoitegemea wameongezeka.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Sheria hiyo ilipotangazwa, sehemu yangu moja ilishangilia. Mara ngapi nimejiuliza kwa nini Mhindi ndiye fundi, na mimi ndiye boi?

Shida ni kwamba namjua Mohan. Binti yake amezaliwa hapahapa. Kigogo chake kinakishinda cha watoto wa mchungaji wetu wa kanisa, na mtu mzima akipita mbele ya mashine humrushia "Mbukwenyi!" mpaka wazee wanasimama kucheka. Huko Uhindi atamsalimu nani hivyo?

Jana Bwana Karim aliniweka kitako. Mzee mzima, akiniita mwanangu, alinisihi nikiulizwa na mtu wa serikali niseme najua kubeba magunia tu. Nilimwitikia kwa heshima. Nilifika nyumbani nimejaa hasira, nikagombana na Damari kwa jambo la chumvi.

Leo ofisa wa uhamiaji, huyo Mzungu, amefika kutoka Dar es Salaam, pamoja na karani wa kumtafsiria. Alisimama mbali na mkanda wa mashine, leso puani kwa ajili ya vumbi la unga. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu. Je, naweza kuitengeneza injini hii bila Mhindi huyu?

Nikisema hapana, nimejifuta mwenyewe. Nikisema ndiyo, nimemfukuza Mohan. Na yote mawili yangekuwa uongo, kwa sababu naweza kila kitu isipokuwa pampu ya mafuta. Pampu ikigoma, Mohan huifungua mezani kwake peke yake, na hajawahi kunionyesha.

Nikajibu, "Bado kidogo, bwana."

Neno zuri hilo, bado. Halikatai wala halikubali. Kwa Kiswahili ningeweza kujificha ndani yake mpaka nizeeke. Lakini karani alipolitia kwenye Kiingereza likatoka "no". Kiingereza changu ni cha darasa la nne, ila hilo nalijua.

Ofisa aliridhika. Akamuuliza Mohan amenifundisha kwa muda gani. Mohan akasema miaka minne. Ofisa akacheka kidogo, na karani akatuletea maneno yake: "Miaka minne na hajui kitu? Basi huyu ni mjinga. Tafuta mwingine."

Hapo yangeisha salama. Bwana Karim alikwishaanza kutabasamu.

Mohan akatupa chini kitambaa chake cha grisi. "Mjinga nani? Huyu iko fundi! Fundi kabisa! Mimi naacha yeye na injini, nakwenda lala."

Sijapata kumwona amekasirika namna ile. Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kifua kilinijaa, nikasimama wima mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. Ndipo nikamwona Bwana Karim ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikaelewa kilichokwisha kusemwa.

Ofisa hakufoka. Nadhani si mtu mbaya, ni mtu wa sheria tu, na sheria yake haina mahali pa kuweka watu wawili. Aliuliza ni kitu gani basi nisichokijua, akaambiwa pampu. Akakata shauri papo hapo: Mohan ataongezewa muda mpaka nitakapoijua pampu. Nikishaijua, Bwana Karim apeleke habari, na Mohan na familia yake wafunge mizigo.

Nilitaka kumwambia kwamba kazi ya mafundi wawili ipo, na ya watatu pia. Aende Haneti akasikilize kimya cha ile mashine. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakuna aliyeongeza kwamba mwenyeji akishapona, mgeni afukuzwe. Lakini karani alikwishafunga mkoba. Mimi hodari wa maneno nikiwa na kalamu.

Jioni Mohan alinikuta nafagia. Nilidhani ataniomba nisiwe na haraka, na ningemkubalia kabla hajamaliza. Badala yake aliniambia kesho tunaanza pampu, nije mapema kabla ya wateja. Nikamwambia tunaweza kungoja hata mavuno ya mwakani. Akasema nikijifanya mjinga kwa ajili yake, atanipiga na spana mbele ya mke wangu. Wale wa Haneti, alisema, hawawezi kula huruma yangu. Alipogeuka kwenda nyumbani kwake niliona anatembea polepole, mkono umeshika kiuno.

Damari, nilipomsimulia, aliniwekea ugali akaniita "Fundi Yohana", akapiga goti kwa madaha kama anayemhudumia chifu. Siku nyingine ningecheka mpaka machozi. Alipoona sicheki, akakaa karibu nami, tukala.

Nimejaribu kusali. Nimeanza kwa kuomba niielewe pampu upesi, kwa ajili ya shemeji yangu na mabega yake, na kwa ajili yangu pia, maana nalitaka jina hilo. Katikati ya sala nimemkumbuka yule mtoto, nikaomba nichelewe. Mungu leo amepokea maombi mawili kutoka kwa mtu mmoja, na mimi mwenyewe siwezi kumwambia ashike lipi.

Kuchelewa ningeweza kujaribu. Tatizo naijua mikono yangu. Ikionyeshwa kitu mara mbili, haisahau.