Nati Nne za Upande wa Kushoto

KITUO CHA POLISI ITIGI
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Ajali ya Landrova ya ushirika wa asali, tarehe 16/6/1975
Jina: Antipasi s/o Ntandu
Umri: Miaka 56
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa magari na vyuma
Makazi: Kambi ya Zamani, maili tatu kutoka stesheni ya Itigi
Yameandikwa: Tarehe 18/6/1975, saa 2:10 asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Ninaishi peke yangu. Koplo anayeandika maelezo haya ameniuliza kama nimefiwa na mke. Hapana, mke wangu Magdalena yu hai na ana afya kunishinda. Mwezi wa Oktoba mwaka jana jirani zangu wote, kaya kumi na moja, walihamia kijiji cha ujamaa. Mimi niliambiwa nisubiri kwanza mpaka kijiji kijenge banda la kuwekea jiriwa ya kubania vyuma, mvukuto wa kupulizia moto na vyuma vyangu, maana havibebeki kichwani. Magdalena alisema hawezi kulala mahali ambapo hata jogoo wa jirani hasikiki, akatangulia. Banda halijajengwa na yeye hajarudi. Simlaumu. Naomba iandikwe kwamba ninaishi peke yangu, kwa sababu bila hilo maelezo haya hayataeleweka.

Manase Mpondo, ambaye yumo mahabusu hapa, ni dereva wa Landrova ya ushirika wa asali. Nimemfahamu tangu mwaka 1972. Ana miaka kama thelathini na miwili. Pombe hanywi, hata ile ya asali ambayo watu wake wote wanakunywa. Nimesikia sokoni watu wanasema alikuwa amelewa. Wanaosema hivyo hawamjui. Tangu jirani walipohama, gari lake ndilo pekee lililokuwa linapita kwangu, na yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akishuka na kuniamkia. Kuna wiki ambazo sikusikia sauti yangu mwenyewe mpaka alipopita.

Mnamo tarehe 11/6/1975, siku ya Jumatano, saa 1:30 asubuhi, Manase alifika kwangu na Landrova. Alisema, "Shikamoo mzee. Kisiki kimekula ubavu tena." Nikaitikia, nikatoka kuangalia. Njia ya kwenda kambi za nyuki imekatwa katikati ya kichaka kinene, na waliokata waliacha visiki vya magotini kila upande, sijui walikuwa wanamwachia nani. Upande wa kulia bati lilikuwa limekunjwa hadi karibu na tangi la mafuta, ambalo kwenye gari hilo liko chini ya kiti cha dereva. Siku moja kisiki kingelitoboa. Manase alisema ushirika uliandika barua Dar es Salaam kuomba vyuma vya kukinga ubavu, ukajibiwa havipo. Nikamwambia, "Kumbe vyuma huzaliwa Dar es Salaam? Tutavitengeneza hapa hapa."

Kazi hiyo tuliifanya wenyewe siku mbili, mimi na yeye. Nilikuwa na mabomba mawili ya chuma ya inchi mbili, yaliyotupwa walipobadilisha bomba la maji la zamani. Tulijaza mchanga mkavu ndani ili bomba lisibonyee, tukaziba ncha kwa vigingi, tukalipasha moto kwenye mkaa na kulikunja taratibu. Manase alivuta mvukuto. Alivuta vibaya na nilimwambia hivyo. Kila bomba nililiwekea mikono miwili ya chuma, mmoja mbele na mmoja nyuma. Sikutaka kutoboa chasisi, kwa sababu chasisi iliyotobolewa huanza kupasukia hapo. Kwa hiyo kila mkono niliubana kwenye chasisi kwa vipande viwili vya chuma bapa na bolti nne. Kila bolti niliifunga nati mbili, ya pili ya kuizuia ya kwanza isilegee kwa mtikisiko. Hiyo ndiyo kazi yangu na huwa siifanyi nusu.

Usiku wa Jumatano Manase alilala kwangu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Alinieleza habari za mtoto wake wa pili ambaye anakataa kunyonya, na mimi nikamweleza mambo ambayo sikumbuki kwa nini niliyaeleza. Nilifurahi sana. Naomba Koplo aandike hivyo hivyo. Alhamisi nilifanya kazi polepole. Kazi ya kumalizika saa sita mchana niliifikisha saa kumi jioni.

Tarehe 12/6/1975, saa 10:15 jioni, kazi ilikuwa imekwisha. Manase alikwenda nyuma ya nyumba kunawa mafuta mikononi. Mimi niliingia chini ya gari na spana, upande wa kushoto, kwenye mkono wa mbele. Nilitoa nati nne za pili nikaziweka mfukoni. Zile za kwanza nikazilegeza, kila moja mizunguko miwili.

Hapa Koplo ameweka kalamu chini. Ameniambia kwamba jambo ninalosema linaweza kunitia hatiani, na kwamba silazimiki kuendelea. Nimemwambia nimeelewa, ashike kalamu.

Nililegeza kwa makusudi. Niliona kuwa baada ya siku mbili bomba litaanza kugonga. Manase hapendi gari linalogonga, hata kifuniko cha debe kikilia hushuka akakitafuta. Nilijua akisikia atarudi kwangu haraka. Nilichagua upande wa kushoto kwa sababu tangi liko kulia. Nilijiona nina akili. Alipomaliza kunawa nilimwambia, "Vyuma vipya hulegea. Uje Jumamosi nivikaze." Akasema, "Nitakuja mzee, niwekee mlenda." Akaondoka saa 10:40 jioni.

Tarehe 14/6/1975, Jumamosi, nilichinja kuku. Nilisubiri tangu saa tatu asubuhi mpaka jua lilipozama, na Manase hakuja. Jumapili sikwenda kanisani, nilikaa barazani nikisikiliza njia. Hakuja. Nataka lieleweke hili: kutoka kwangu mpaka Itigi ni maili tatu, na miguu yangu ni mizima, leo nimekuja nayo. Ningeweza kwenda Jumapili ile na spana mfukoni nikakaza nati zile hata gari likiwa limeegeshwa mbele ya ofisi. Sikwenda kwa sababu nilinuna. Nilisema moyoni, kama hataki kuja asije. Nikamla yule kuku peke yangu. Marehemu Bonifasi, aliyekuwa abiria wa gari hilo, alikufa zaidi kwa sababu ya kununa kwangu kuliko kwa sababu ya nati.

Ajali yenyewe, ya tarehe 16/6/1975, sikuiona. Ninachokijua ni nilichokiona baadaye. Jumanne tarehe 17/6/1975, saa 8:00 mchana, askari alinifuata kwa baiskeli akasema Landrova imepinduka, Bonifasi mrina asali aliyekuwa amekaa kiti cha mbele kushoto amefariki papo hapo, na Manase amewekwa ndani. Nilitakiwa kama fundi nikalikague gari. Nilichukua spana zangu. Tulikwenda kupanda lori la magogo kwenye njia nyingine ya kambi za nyuki, ile isiyopita kwangu, mpaka kwenye tukio, maili saba kutoka kwangu. Koplo tulimkuta pale.

Gari lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto kwenye visiki. Nilikagua breki, nzima. Usukani mzima. Matairi yote yana upepo. Nyuma kulikuwa na madebe matupu zaidi ya ishirini yametapakaa. Nilipoyaona nilielewa kwa nini Manase hakusikia bomba likigonga. Aliendesha gari lenye madebe ishirini yanayopiga kelele, angesikiaje chuma kimoja? Kisha nikaona mfereji barabarani, mwembamba, kama wa jembe la ng'ombe, urefu wa hatua tisa, ukiishia gari lilipoacha njia. Ncha ya mbele ya bomba ilianguka ikachimba chini, ikalivuta gari kushoto. Dereva gani angelizuia?

Bomba lilikuwa limekunjamana, na kila aliyesimama pale alidhani limeng'olewa na ajali. Mimi niliinama kwenye chasisi. Bolti ikikatika huacha mdomo wa chuma palipokatikia. Pale hapakuwa na bolti iliyokatika. Tatu hazikuwepo, zilitoka zenyewe njiani. Moja ilibaki, nati yake imefika mwisho kabisa wa uzi. Hapa Itigi hakuna mtu mwingine ambaye angeyasoma yale.

Nilisimama nikamwambia Koplo, "Breki nzima, usukani mzima." Koplo akasema, "Basi ni dereva." Koplo aliandika kwenye daftari lake na mimi nilimtazama akiandika.

Saa 11:30 jioni tulirudi hapa kituoni ili niweke sahihi karatasi ya ukaguzi. Nilipopita karibu na dirisha la mahabusu Manase aliniona. Alikuwa na bandeji kichwani. Alisema, "Shikamoo mzee." Niliitikia. Akasema, "Nisamehe Jumamosi sikufika. Tulitumwa porini ghafla kwa ile njia nyingine, tukarudi usiku, sikuwa na mtu wa kumtuma aje akuambie. Nilijua utanisubiri." Akasema tena, "Wewe unalijua lile gari, mzee. Nimemuua Bonifasi na sijui nimemuuaje. Niambie nilikosea wapi." Nikaweka sahihi, nikaenda nyumbani.

Leo tarehe 18/6/1975 nimekuja mwenyewe. Hakuna aliyenifuata wala kunitisha. Karatasi niliyoweka sahihi jana haina uongo ndani yake, ila haina ukweli wenyewe. Manase hakulewa, hakukimbiza gari, hakukosea popote. Kama kuna kosa lake ni kwamba aliniamini mimi. Natoa nati nne nilizozitoa Alhamisi. Zijaribuni kwenye ile bolti iliyobaki chini ya chasisi, mtaona uzi ni ule ule.

Nimeulizwa kama nilikuwa na ugomvi na Manase au na marehemu. Sikuwa nao. Marehemu Bonifasi nilimwona mara mbili tu maishani, alikuwa mtu wa kucheka. Nimeulizwa basi nilitaka nini. Nimekwisha sema. Nilitaka gari lirudi.

Mengine sina. Nimesomewa niliyoyasema na nimeyatambua kuwa ni yangu.

(Sahihi) A. Ntandu

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Samweli nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea neno kwa neno. Mahali nilipokuwa nimeandika "nilisahau kukaza" ameomba nifute niandike "nililegeza". Nimefuta, na ameweka sahihi pembeni. Nimepokea kutoka kwake nati nne, nimezifunga kwenye bahasha. Gari limeagizwa likaguliwe upya na fundi kutoka Manyoni.

Saa 4:25 asubuhi nimemweka Antipasi Ntandu chini ya ulinzi. Aliuliza kama atawekwa chumba kimoja na dereva Manase. Nilimjibu kwamba Manase ameshatolewa ndani, anaachiwa leo. Akasema, "Vizuri." Nilipofungua mlango aliuliza kama kuna mtu mwingine ndani. Nilimjibu hakuna.

(Sahihi) Koplo Samweli
18/6/1975