Nilijaza Kuwa Napenda Kuogelea

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Iringa hatujambo. Kikohozi kimemwacha babu yako, amebaki na ubishi tu.

Unauliza ujaze nini, sasa kwa kuwa kampuni uliyozoea kutafutia habari mtandaoni imeanzisha ukurasa wa kukutanisha marafiki na inataka picha yako na mambo unayopenda. Miaka ya sabini nasi tulijaza, gazetini, tukitafuta marafiki wa kalamu. Niliandika napenda kuogelea, maana wenzangu wote waliandika hivyo. Babu yako, kijana wa Chunya kwenye vumbi, akajibu kuwa naye anapenda. Siku alipokuja tukaenda mtoni. Tulikaa ukingoni tukiongea mpaka jioni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aingie majini.

Hadi leo hajui kuogelea. Wala mimi. Tulichopenda ni kuongea, mama, na hakuna aliyekiandika.

Bibi yako