Njia ya Mkono wa Mama

Guadalajara, Februari

Kwa kaka yangu mpenzi Abundio,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tijuana, wewe, wifi Otilia na watoto. Sisi tunaendelea, ila kuna jambo moja lililonishikisha kalamu badala ya simu, maana kwenye simu Mama angesikia.

Bado niko palepale kwenye studio ya katuni, kazi yangu kuchezesha mikono na miguu ya wahusika. Ulizoea kunicheka kwamba nalipwa kwa kupunga hewa. Lakini mkono wa mtu, kaka, hauendi moja kwa moja, hukata upinde, nami nauona kwenye skrini kama uzi wenye vidoti. Naweka mwanzo na mwisho, kompyuta inajaza katikati, kisha nasahihisha. Nikikosea, bosi wetu Leobardo hanionei haya: "We Nieves, huyu kavunjika kiwiko au kalewa tequila?"

Desemba nilimleta Mama studio nikutengenezee ile katuni ya baraka, kwa vile wajua nyumbani kwetu hatoki mtu bila mkono wake kumchorea ishara ya msalaba. Tulipombandika vidoti vya kung'aa, ili kompyuta inase mwendo wa mkono, akasema tumempamba kama mti wa Krismasi na hata kahawa hajapewa. Tulicheka sana. Nawe ulipoiona mwezi uliopita ulisema mkono wa Mama ni uleule, ukaahirisha safari ya kuja nyumbani hadi mwakani.

Kaka, nisamehe. Mkono ule niliumalizia mimi. Wa Mama ulipanda usawa wa paji la uso, ukashuka usawa wa kifua, ukakwama. Akarudia, uzi ukaishia palepale. Mabegani hakufika. Daktari anasema ni maradhi ya mishipa ya fahamu na hayana dawa. Siku hizi hata kikombe cha atole, ule uji wake wa mahindi, namshikia. Mama ndiye aliyenisihi: "Usimtie mwanangu wasiwasi, malizia wewe." Nikachora kipande kilichobaki, nikakichora vizuri mno, na sasa roho inaniuma, kwa sababu uongo huo ndio unaokuweka huko.

Usingoje mwakani. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napiga magoti mbele yake, namshika kifundo cha mkono, tunafika mabegani pamoja. Baraka yangu inakamilika. Yako bado imekwama kifuani.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka. Mama anakusalimu kama kawaida yake, ingawa hajui kwamba nimeandika.

Mdogo wako akupendaye,
Nieves