Kwa Mkono Mmoja

Fittja, Jumapili ya pili ya Februari, mwaka wangu wa thelathini na moja nje ya Bujumbura

Egide, mpwa wangu,

Leo Wamarekani wanacheza fainali ya mpira wao, ule wa kushikwa mikononi. Kwa saa za huku itaanza wakati wazee wamelala, na kwa mara ya kwanza tangu ulipokwenda kwao kuucheza mchezo huo, nami nitakuwa nimelala. Televisheni nimeigeuza ikaangalia ukuta. Mama Neema wa ghorofa ya pili alipoiona alicheka: "Mwalimu, umeipa adhabu?" Nikamjibu ndiyo, imesema uongo mwingi juu ya mtoto wetu.

Huku mambo yamebadilika tangu gari lako liteleze kwenye barafu ile asubuhi ya Novemba, ukitoka zamu ya kiwandani Södertälje. Walikuzika baada ya wiki tatu. Wasweden hawana haraka na maiti. Kwetu mtu huwa ardhini siku ya pili au ya tatu; hapa mama yako alipokea wageni wiki tatu nzima, sufuria zikiletwa na kurudishwa, na wewe uko kwenye chumba cha baridi unangoja zamu yako. Hukuwahi kungoja kwa utulivu namna hiyo maisha yako yote.

Halafu mama yako akaondoka. Amerudi Bujumbura. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo kila kijana mrefu akishuka kwenye treni lazima amgeuzie shingo. Sufuria zake kubwa alimwachia Mama Neema. Mimi aliniachia kaburi.

Sasa nikueleze jambo linalonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyekiti wa klabu yako ya kwanza, ile ya uwanja wa Tumba. Alisema wameamua kwamba namba yako haitavaliwa tena na mtu, na kwamba wangependa niende kuipokea jezi yako kwa niaba ya familia. Alizungumza taratibu, kama watu wanavyozungumza na wazee wageni, nami nimefundisha katika shule zao miaka zaidi ya ishirini. Alisema ulikuwa mpiganaji mwenye moyo mkubwa. Nikamwomba siku chache za kufikiri.

Siku hizo nilizimaliza kwenye neno moja: kupokea.

Unakumbuka Alhamisi zetu? Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, lugha ya nyumbani, shuleni kwenu, nawe ulikuwa mwanafunzi wangu mbaya kuliko wote. Nilikuuliza kwa Kiswahili, ukanijibu kwa Kiswidi, ukiwa umeegemeza kiti ukutani. Kisha siku moja, ukiwa na miaka kumi na minne, uliketi sawasawa ukauliza swali lako la kwanza la Kiswahili bila kulazimishwa: "Mujomba, mimi ni nani kwa Kiswahili? Ile kazi yangu uwanjani, ya kudaka mpira ninaotupiwa?" Nilifikiri kidogo nikasema: mpokeaji. Ukacheka hadi ukaanguka na kiti. "Kama yule wa mapokezi hospitali? Mimi nakaa kwenye dirisha naita namba?"

Nikakuonyesha ubaoni kwamba neno hilo ni pana kuliko uwanja wako. Mgeni hupokewa. Mzigo wa mtu aliyechoka njiani hupokewa, na anayeupokea haulizi kuna nini ndani. Salamu hupokewa, na simu pia. Hapo ndipo mama yako alipopata silaha yake, akaitumia hadi mwisho: "Mpokeaji gani huyu asiyepokea simu?" Hata ulipokuwa Amerika, na magazeti ya mji ule yakikuandika kila wiki, alikuachia ujumbe huohuo, kwa sauti ileile. Hukupokea. Nilikuwa nakasirika kwa ajili yake, na bado nimekasirika.

Sheria yake nyingine unaijua. Mikono miwili. Hata kama unapewa kipande cha mkate, mikono miwili, au wa kuume huku wa kushoto umegusa kiwiko. Mkono mmoja ni dharau. Ni kumwambia anayekupa kwamba wewe na kitu chako ni sawa na inzi. Walimu wako wa chekechea walidhani una haya. Sisi tulijua umelelewa.

Basi ile siku ya mvua pale Tumba. Mpira ulitupwa mbali, juu mno, kila mtu akaukatia tamaa isipokuwa wewe. Uliruka ukaudaka kwa mkono wa kuume peke yake, huku beki wao akiwa ameng'ang'ania ule wa kushoto. Uwanja mzima ukapiga kelele. Mama yako akaziba mdomo kwa kanga. "Mbele za watu! Mkono mmoja!" Ulipovuka mstari ulikuja mbio hadi aliposimama, ukamnyooshea mpira kwa mikono yote miwili, umeinamisha kichwa: "Samahani, Mama. Mwingine ulikuwa umeshikwa."

Kama ningepewa nafasi ya kuhifadhi dakika moja tu ya maisha yako, ningechukua hiyo, na zote za Amerika ningewaachia wenyewe.

Nimewatazama wapokeaji kwa miaka mingi sasa, kwa sababu yako. Wale wenye kipaji kikubwa karibu wote wana kisirani. Wanapiga kelele benchini, wanafunika vichwa kwa taulo, wanagombana na kocha mbele ya kamera. Watu husema wanajipenda. Mimi naona kitu kingine. Mpokeaji anakimbia njia yake bila kosa, anamwacha beki nyuma, anabaki peke yake kwenye uwazi, na yote hayo si kitu mpaka mtu mwingine, aliye mbali, aamue kumtazama. Kazi yake yote lazima ipite mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kufika mikononi mwake. Siku nzima anaomba. Na mwenye kipaji ndiye anayejua hasa ni mara ngapi alistahili kupewa.

Mechi ile ya msimu wako wa pili Amerika niliitazama mara nyingi. Ulikuwa peke yako kabisa, umeinua mkono, na mrushaji akatazama upande mwingine, akatupa, mpira ukanaswa na wapinzani, mkafungwa. Kamera hazikumfuata yeye. Zilikungoja wewe, kwa sababu zilijua utafanya nini, nawe ukafanya: ukaipiga helmeti kwenye meza ya maji, vikombe vikaruka. Wiki mbili kabla yake, mlipokuwa mnashinda, magazeti yaliita hasira hiyo njaa. Sasa yakaiita utoto. Ni wewe yuleyule, Egide, na meza ni ileile. Walikulipa kwa ajili ya moto huo, na wakakufukuza kwa ajili ya moto huo. Sisemi ulifanya vema kupiga meza. Nasema ulikuwa kwenye uwazi.

Ujerumani, ulikokwenda kucheza baada ya hapo, sina la kukutetea. Uliondoka uwanjani katikati ya mchezo, ukaoga, ukapanda treni ukarudi nyumbani huku wenzako kumi wakiwa bado kwenye matope. Nilipokuuliza ulisema, "Niliona yametosha, Mujomba." Niliona yametosha! Sikulikubali jibu hilo wakati ule, wala sijalikubali leo. Kifo hakikulibadilisha.

Lakini ulirudi huku. Ukapata kazi ya kuunganisha malori kule Södertälje, na mpaka uliponunua gari ukapanda treni alfajiri kama sisi wengine tulivyopanda, hukulalamika. Na mwaka jana ulikwenda Tumba kuwaomba wakuruhusu uwafundishe watoto, bila malipo, jioni moja kwa wiki. Walikukaribisha kahawa na mkate wa mdalasini. Mwenyekiti na Kocha Lennart, aliyekufundisha tangu ukiwa mdogo, walikwambia kwa upole kwamba wazazi wana wasiwasi, kwa sababu wewe unajulikana kuwa besvärlig.

Ulikuja kwangu ukakaa kwenye kiti changu cha dirishani. Hukula. "Kwa Kiswahili wanasemaje, Mujomba?" Nikasema: msumbufu. Ukalionja kidogo. "Lile la Kiswidi linauma zaidi." Ulikuwa sahihi, hatimaye umekuwa mwanafunzi. Msumbufu ni mtu, unaweza kugombana naye na kesho mkapatana. Besvärlig wanalitumia hata kwa kikohozi kisichopona. Baada ya siku ile hukuzungumza tena habari za mpira.

Hao ndio walionipigia simu.

Nilimweleza mama yako. Nilitumaini ataniambia nisiende. Akasema, "Nenda uipokee, kaka. Mikono miwili. Usitutie aibu mbele ya Wazungu." Nikaenda, Jumamosi ya wiki iliyopita.

Ukumbi wao mdogo ulikuwa umejaa. Maua, mishumaa, kahawa, mkate uleule wa mdalasini. Picha yako ukutani, ya kabla ya Amerika, umecheka. Watu wetu walikaa safu za nyuma, kwaya yote ya Mama Neema, wamevaa makoti ndani ya nyumba. Kocha Lennart alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Kama yangekuwa ya uongo ningeyavumilia.

Kisha mwenyekiti akahutubia. Alisema ulikuwa na moyo wa moto. Alisema watoto wa Tumba wangejifunza mengi kwako. Alisema: "Mlango wetu ulikuwa wazi kwa Egide siku zote."

Pale ndipo nilipoamua.

Aliikunjua jezi akaninyooshea. Hajui mila zetu, lakini aliishika kwa mikono miwili, sawasawa kabisa, kama mtoto wa kwetu aliyefunzwa. Nami nikautoa mkono wa kuume peke yake. Wa kushoto niliuweka nyuma ya mgongo, wote wauone. Jezi ikaning'inia kwenye ngumi yangu kama nguo mbichi.

Wasweden wakapiga makofi. Nyuma, kwaya ilikuwa imesimama tayari kwa vigelegele, vikawafia midomoni. Nilimsikia Mama Neema: "Yesu wangu." Kocha Lennart alinikaribia, macho bado mekundu, akaniuliza kwa huruma kama bega langu linaniuma. Nikamwambia hapana, ule mwingine umeshikwa. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akanipapasa mgongo, akaenda kuniletea kahawa.

Nje, kwenye theluji, Mama Neema alinishika koti. "Mwalimu, weye kweli? Kwenye msiba? Mtu mzima na mvi zako?" Nikaikunja jezi. Akatembea nami hadi kituoni, na treni ilipokuja akasema, "Mimi ningekataa hata huo mmoja."

Bila shaka alikuwa amepiga video, na kabla sijavua viatu ilikuwa imefika Bujumbura. Simu ikalia. Nilipoipokea nilisikia kitu nilichodhani ni kilio. Ilikuwa kicheko, Egide. Mama yako alicheka, mara ya kwanza tangu Novemba. "Mkono mmoja, kaka! Mbele za watu!" Alicheka hadi pumzi ikamwishia, ndipo kilio kikaja, nami nikakaa naye kwenye simu mpaka kikapita.

Usidhani nimeshinda kitu. Niliwatukana watu kwa lugha wasiyoisoma, wakanishukuru kwa kahawa. Hasira zetu nyingi katika nchi hii zimepita hivyohivyo. Zako angalau ziligonga meza. Namba yako ipo kwenye ukuta wao sasa, na mwenyekiti atawaonyesha wageni, na mlango utaendelea kuwa wazi kwa wote ambao hawawezi tena kuuingia. Lakini safu za nyuma ziliona. Kuna watu kama ishirini katika mji huu wanaojua walichokufanyia, nao walikijua bila mimi kufungua mdomo.

Mama yako anaitaka jezi. Mume wa Mama Neema anasafiri kwenda Bujumbura baada ya Pasaka. Ataibeba, nami nitaikabidhi kwake ipasavyo, na nimemwagiza aikabidhi ipasavyo. Anaitaka jezi, na ananitaka mimi pia. "Chumba chako nimekipaka rangi, kaka. Utazeekea wapi? Umebaki na nani huko?"

Miaka yote hii nimekuwa nikisema nitarudi. Nilisema nikiwa na nywele nyeusi, nikasema tena nilipostaafu, na wewe ukanitania kwamba safari yangu ina tarehe kila mwaka ila mwaka huu. Nilikuwa sitanii. Ile barabara ya mtaa wetu wa Buyenzi iliyokuwa na duka la baba yangu ninaweza kuichora hadi leo, kila mlango.

Lakini leo nimekuja kwako kabla ya kuandika. Theluji ilikuwa imefunika matawi ya msonobari waliyoweka juu yako. Nimeyafuta kwa mkono. Makaburi ya jirani yana majina marefu ya Kiswidi, watu wazuri nadhani, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kukusalimu. Nimekusalimu mimi. Nimekusomea habari za michezo kwa Kiswahili, nikatafuta maneno pale yalipokosekana, kama zamani.

Nitakuja kila Alhamisi, Egide. Nikikukuta umenuna, nitangoja. Wakija wageni wako nitawapokea mimi, na akija mwenyekiti nitampokea pia, unajua kwa mkono gani. Pumzika sasa, mwanangu. Uko kwenye uwazi, na mimi nakutazama.

Mama yako nimemjibu jioni hii. Nimemwambia chumba ampe mwenye shida nacho. Mimi sirudi.

Mjomba wako