Waini ya Baba Mwanaidi

Mpendwa Baba Mwanaidi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako sikuulizi. Nilisimama dirishani nikaliona jeneza lako likitoka kwenda makaburini Kisutu, na waliokupeleka wakarudi bila wewe. Mimi nipo. Eda nimemaliza. Nyumba imeuzwa, na aliyeinunua anataka kujenga ghorofa kama jirani zetu wote wa mtaa huu, kwa hiyo Mwanaidi anakuja Jumamosi kunichukua nikaishi naye Buguruni. Vyombo nimefunga, magodoro nimekunja. Kilichobaki ni kompyuta yako. Kila nikiishika naiacha, naketi kitandani naitazama, na leo nimeona nikuandikie badala ya kuitazama tu.

Ulikuwa gadi wa treni, na watu kudhani treni ni dereva peke yake kulikuudhi maisha yako yote. Kila mgeni aliyekunywa chai kwetu ulimweleza: dereva yuko mbele na injini yake, gadi yuko behewa la mwisho na bendera zake, na treni haitoki stesheni mpaka gadi apeperushe ile ya kijani. Ulilisema hilo kwa kujivuna. Lakini nilijua pia kilichokuwa kinakuuma. Ulikwenda Kigoma na kurudi safari zisizo na idadi, na njia yote uliiona ikikimbilia nyuma. Siku moja uliniambia, "Mimi Tabora naijua kisogo tu."

Kisha wakaja wawekezaji wa reli, na lile neno lao la kupunguza wafanyakazi. Ukapunguzwa. Ukawa unakaa barazani tangu asubuhi, mikokoteni ya Kariakoo inapita mbele yako na wewe huioni. Nikikusemesha unaitikia "mm". Nikikuuliza ule nini, unasema chochote. Nyumba yenye mtu wa chochote ni nzito, Baba Mwanaidi. Nilikuwa naona afadhali ungenigombeza.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu, unaijua. Baba yangu alikunywa mpaka shamba likaisha na mama yangu akazeeka kabla ya umri wake. Ulipoleta posa kwetu Kilwa, nilikupelekea neno kupitia kwa shangazi: siku nitakayosikia harufu ya pombe kinywani mwako, narudi kwetu, hata tukiwa na wajukuu. Ukakubali. Na ulitimiza, hata kwenye harusi zenye bia ulikuwa hukai. Lakini wenzako mliopunguzwa pamoja walikuwa wanahamia vilabuni mmoja mmoja, watu wazima wa swala tano, nami nikawa nangoja zamu yako kwa hofu.

Kompyuta uliileta siku moja umefuatana na mpagazi, moja ya zile za mtumba zinazoshushwa bandarini. Ukaiweka juu ya meza yangu ya cherehani bila hata kuniomba. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unatabasamu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa treni. Unakaa mbele, mahali pa dereva, na reli inakuja kwako. Nchi yenyewe ni ya Ulaya, theluji tupu na miti ya misonobari, lakini stesheni zake ulizipa majina ya kwetu. "Tunaingia Kilosa," ulikuwa ukisema peke yako. Nikakuuliza Kilosa gani yenye barafu. Ukanijibu bila kugeuka, "Ya mwezi wa saba." Ilikuwa mara ya kwanza tangu upunguzwe kunijibu zaidi ya neno moja.

Haikudumu. Virusi vikaingia, Windows ikawa inawaka na kujizima. Ukamwita Deo, fundi wa kompyuta mwenye kibanda ghorofani kule karibu na soko, mtu wa Songea mwenye adabu zake. Deo akaifuta Windows yote, akaweka badala yake kitu kinachoitwa Linux. Akasema ni cha bure na virusi havikiwezi. Kompyuta ikapona kabisa, ila treni haikufunguka. Mchezo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya Windows, na Linux haikuutambua. Ukarudi barazani. Mimi nikasema kama imekufa basi iondoke, nirudishiwe meza yangu. Ukasema, "Nitaiondoa," na sauti yako ilikuwa ile ile ya chochote.

Wiki hiyo hiyo nilitoka kupeleka foronya dukani. Narudi, nafika ukumbini, mlango wa chumba chetu umerudishwa, na ndani namsikia Deo.

"Mzee wangu, bila waini hii haitembei. Hata ufanyeje."

"Basi nitilie," ukasema.

"Mwanzoni itayumbayumba, usishtuke. Utazoea tu."

"Sawa. Ila Mama Mwanaidi asijue kwanza."

Nilirudi uani nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Siku zilizofuata nilinusa kila kitu. Vikombe, kanzu, foronya ya mto wako. Sikupata harufu yoyote, nikasema basi hii ni waini ya wenye pesa, isiyonuka. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba ulikuwa umechangamka. Ukitoka msikitini baada ya alasiri unajifungia chumbani, na ukitoka humo macho yanang'aa, unaniuliza mboga gani leo. Baba yangu naye alianza kwa kuchangamka. Nilishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati. Lakini kwetu ndoa haivunjwi kimya kimya, wazee huitwa kwanza. Nikampelekea habari kaka yako Ilala, Shemeji Salum.

Alikuja Ijumaa, amevaa kanzu na koti kabisa, kama anayekwenda kutoa mahari. Tukakaa chumbani watatu. Akakohoa.

"Mdogo wangu, nimesikia unatumia waini."

Hukushtuka hata kidogo. "Ndiyo, kaka. Nani kakwambia?"

"Tangu lini?"

"Tangu Deo alivyokuja. Kabla ya hapo nilihangaika sana."

Shemeji akanitazama, akashusha pumzi. "Kila siku?"

"Kila siku baada ya alasiri. Bila hiyo siwezi kuendesha."

"Kuendesha nini?"

"Treni, kaka."

Shemeji Salum akasoma inna lillahi kwa sauti ya chini. Mimi nikaanza kulia, kwa kuwa niliona sasa ni pombe na wazimu pamoja. Ukatutazama mmoja mmoja, kisha ukaliona sanduku miguuni pangu, na nikauona uso wako unavyoelewa. Hukucheka. Nilidhani ungecheka. Uliinuka polepole ukaiwasha kompyuta.

Ukatueleza kwamba waini ni jina la programu tu, wazungu ndio walioiita hivyo. Mchezo unasema Kiwindows, mashine inasikia Kilinux, na waini imekaa katikati inatafsiri. Mimi ulinificha kwa kuwa uliniahidi kuiondoa mezani. Shemeji akauliza kwa nini wasingeiita juisi, watu wakakaa kwa amani. Treni ikatokea. Iliyumba kweli kama Deo alivyosema, na haikuwa na sauti hata chembe. Shemeji aliitazama mpaka ikavuka daraja, akasema mashallah kwa uchovu, akachukua kofia yake akarudi Ilala. Habari ile aliisimulia mpaka msibani kwako, na watu wakacheka huku wanalia.

Tulipobaki wawili ukaniambia, "Umemwita kaka kabla hujaniuliza mimi."

"Ningekuulizaje, na wewe huongei?"

Uliizima kompyuta. Kisha ukaanza kuongea, na mimi sikuthubutu hata kuondoka kwenda kuepua wali, ukaungua. Ulinieleza siku mlipoitwa ofisini. Ulivyorudisha bendera zako, ya kijani na nyekundu, na karani akazichanganya na matambara ya kufutia meza kwa sababu hakujua ni nini. Ulisema kupunguzwa kulimezeka, ila hilo lilikukaa kooni. Nilikuwa nimeishi na wewe mwaka mzima na jambo hilo likiwa kati yetu, nami nilidhani hunitaki tena.

Baada ya hapo ukanipa kazi. Kwa kuwa mchezo haukuwa na honi wala filimbi, ukasema mimi ndiye gadi. Nilikaa nyuma yako nikipiga pindo za mapazia kwa mkono. Treni inasimama stesheni, wewe unangoja, na usipoiona ncha ya khanga yangu ikipepea kwenye kioo cha kompyuta huondoki. Siku nyingine nilikuchelewesha makusudi. Ukalalamika kwamba abiria wanaungua na jua. Kwenye theluji ile. Jirani zetu walituona wazee wamerudi utotoni, na mimi sikujali, kwa sababu nilikuwa nimempata tena mume wangu, tena mwenye maneno. Zilikuwa siku nzuri, Baba Mwanaidi, na zilikuwa chache mno.

Tumbo lako likaanza kujaa. Tukadhani ni gesi, ukanywa tangawizi, ukanywa mwarobaini. Hospitali wakasema ini. Daktari, bila ubaya wowote, akakuuliza umekunywa pombe kwa muda gani. Ukanigeukia, na ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikuweza. Mtu ambaye hajaionja anakufa kwa ugonjwa wa walioimaliza, na kwenye foleni ya dawa watu wanamtazama hivyo. Bado naudhika nikikumbuka.

Ulikuwa umerudi nyumbani, umelala kitanda hiki nilichokalia, mchana, uani watu wanatwanga kisamvu. Hukuweza tena kukaa kwenye kiti, na kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa. Ukaniuliza, "Hivi ile ingekuwa pombe kweli, ungeondoka?"

"Ningeondoka," nikasema. "Hukuliona sanduku?"

Ukaitikia kwa kichwa. "Afadhali," ukasema. "Nimeoa mwanamke mwenye neno lake." Ulionekana umeridhika, ukageukia ukutani ukalala. Hatukuyarudia tena mazungumzo hayo, na kabla mwezi haujaandama ulikuwa umeondoka wewe.

Deo alikuja jana kunisaidia kufunga nyaya. Akaniambia waini ya siku hizi imekuwa nzuri, treni haiyumbi na ina sauti zote, nikitaka anaweza kuniwekea. Nikamwambia asiiguse. Mwanaidi anasema kwake hakuna nafasi. Nitaiweka chini ya kitanda, itakaa humo, na akiuliza nitamwambia ni ya baba yake.

Sasa nikujibu lile swali lako. Nisingeondoka. Ningekugombeza, ningekuita majina, ningewaita wazee wa Ilala na wa Kilwa, kisha usiku ningekuvua viatu nikakulaza ubavu usipaliwe na matapishi. Ndivyo mama yangu alivyomfanyia baba mpaka siku alipomzika, na nilimdharau mama kwa hilo ujana wangu wote. Kumbe na mimi ni yule yule. Nililijua hilo tangu siku zile nilizokuwa ninanusa vikombe vyako. Umekufa ukinisifu kwa neno ambalo nisingelitimiza, na ukiamini kulikuwa na kosa ambalo lingenifanya nikuache. Halikuwepo, mume wangu. Nilitaka uogope kidogo tu.

Mungu akupanulie kaburi lako, na dua zangu zikufikie hata nikihama.

Mkeo,
Mama Mwanaidi