Jina la Kwanza kwenye Makala Saba

Jumatatu, 4 Machi

Maji nimechota, madumu matatu. Kemia nimerudia yote. Mama ametoka saa kumi na mbili, kama kila siku. Yuko hospitalini na wanafunzi wake wa udaktari, kitanda kwa kitanda.

Ijumaa alileta karatasi mpya kutoka fakilte, kitivo anakofundisha. Wanaiita fishi. Walimu wote watahesabiwa kwa pointi. Anayefikisha anapanda cheo. Asiyefikisha, mkataba wake unaisha. Mama ni asistanti, ngazi ya chini ya ualimu, mwaka wa sita sasa. Mkataba ukiisha atakwenda kufanya kazi Mambasa, na mimi nitabaki hapa Mbunya kwa mama mdogo ili nimalize shule. Tuko wawili tu nyumbani. Sitaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimeisoma fishi mara mbili. Kuna kisanduku cha makala, cha vitabu, cha mikutano ya nje. Cha kufundisha kando ya kitanda cha mgonjwa hakuna. Nilimwonyesha Mama. Alicheka, akanirudishia.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mama na wenzake waliandamana, kitenge cha aina moja. Mkuu wa fakilte aliwasifu sana kwenye kipaza sauti. Mama alirudi, akavua kitenge, akavaa blauzi nyeupe, akarudi kwa wagonjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mwandiko wa Mama hausomeki, kwa hiyo fishi nimeijaza mimi. Nilitoa makala zake kwenye katoni chini ya kitanda. Saba! Nilifurahi. Halafu nikasoma maelezo chini ya fishi: pointi ni za jina la kwanza tu.

Kwenye makala zote saba jina la kwanza ni la Profesa, mwalimu wake wa zamani. La Mama ni la pili. Lakini nakumbuka ile ya watoto waliopungukiwa damu. Mama ndiye aliyewapima, mmoja mmoja, msimu mzima wa mvua. Profesa alisahihisha koma.

Nilimwuliza kwa nini.

“Ni patron yangu, mukubwa aliyenifundisha. Ningeweka jina langu mbele yake, kesho ningemusalimia namna gani?”

Wote pale hufanya hivyo. Hakuna aliyewalazimisha.

Jumatatu, 11 Machi

Mama amekwenda kwa Profesa kuomba barua ya kusema kazi ni yake. Nina matumaini. Profesa ni mtu mwema. Nilipougua tumbo alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akanitania kuhusu jaribio la shuleni: “Weye, dokta mudogo, unataka kukimbia interro ya fizikia?”

Jumanne, 12 Machi

Hakuna barua. Profesa pia ana fishi. Makala zile saba ndizo zitakazompandisha cheo, na makala moja haihesabiwi mara mbili. Mama aliniambia maneno ya Profesa: “Mutoto wangu, na miye wananihesabu.” Profesa alimpa Mama chai. Alimsindikiza mpaka barabarani.

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 14 Machi

Jana risasi zilisikika upande wa Kpandroma, watu wanasema. Walimu waliturudisha mapema. Majeruhi wamefika kwa lori na Mama hajarudi tangu jana asubuhi. Wanafunzi wake wako naye, anawafundisha kuzuia damu.

Mwisho wa kupokea fishi ulikuwa leo saa sita. Nimeipeleka mimi. Kabla ya kutoka nilichukua rula, nikachora kisanduku kimoja zaidi chini, nikaandika ndani: Anafundisha kando ya kitanda kila asubuhi, hata leo.

Sekretari aliona.

“Hii sanduku ni ya nani?”

“Ni ya Mama.”

“Mama yako anafundisha vizuri, kila mutu anajua. Lakini hapa haiko.”

Alichukua bilanko, ile rangi nyeupe ya kufutia, akapaka juu ya maneno yangu, akapuliza mpaka ikakauka. Hakuwa na hasira. Alinipa hata peremende. Sikuila.

Ijumaa, 22 Machi

Orodha ya waliofikisha imebandikwa. Profesa yuko juu kabisa. Mama hayumo. Wanafunzi wake walisimama mbele ya ubao, kisha wakaenda vitandani kwa wagonjwa. Alikuwa anawangoja huko.

Jumapili, 24 Machi

Tumetoka kanisani. Valizi ya nguo za Mama iko mlangoni, lori la Mambasa linaondoka kesho. Katoni nitabaki nayo mimi.

Ana makala ya nane, kuhusu vidonda vya risasi. Aliniomba ninakili ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wangu mzuri. Amemweka Profesa kwanza, yeye wa pili. Nilishika kalamu juu ya mstari, nikamtazama. Alikuwa anakunja blauzi nyeupe. Alijua ninangoja.

“Andika tu, mama,” alisema.

Nimeandika. Herufi zimenyooka. Wino umekauka.